Ukirukwa Cheo, Pita Lugalo

Ndugu msomaji, kama umewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo ofisini, ukaisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha ukairudia kutoka chini hadi juu kwa sababu huyaamini macho yako, basi makala haya ni yako.

Mimi yalinikuta mwezi wa kwanza, katika ofisi moja mjini ambayo jina lake nalihifadhi. Nafasi ilikuwa moja. Kazi yenyewe nilikuwa naifanya miaka sita; mkubwa akisafiri, ninayekaimu ni mimi. Aliyepewa ni kijana niliyemfundisha mwenyewe namna ya kujaza fomu. Mchana akaja mezani kwangu, akasimama kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani. "Kaka, mimi sikumwomba mtu," akasema. Nikamwambia hongera. Tumboni kulikuwa kunawaka moto.

Jioni nikapanda daladala ya Tegeta, nikashika bomba. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo mnaijua. Tulipofika Lugalo gari likaganda, na mimi kichwani naandika barua ya kuacha kazi: aya ya kwanza salamu, aya ya pili matusi, aya ya tatu matusi zaidi. Nikashuka Tegeta, nikakwea Wazo na zile aya zangu tatu.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja mstaafu ambaye jioni hakosekani kwenye bao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo, nani kakuudhi?"

Nikamsimulia yote. Akasogeza kete zake, akala, akasogeza tena. Halafu akasema, "Hapo Lugalo ulipopita, zamani walikuwepo watu waliorukwa kuliko wewe. Wao walikuwa na bunduki, wewe una kalamu. Kasome habari zao kabla hujaiandika hiyo barua."

Nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Ngazi isiyo na vipandio vya juu

Kambi ya Lugalo haikuitwa Lugalo tangu mwanzo. Waingereza waliiita Colito. Colito ni mahali nchini Ethiopia ambako askari wa King's African Rifles, yaani KAR, walipigana na Waitaliano mwezi Mei 1941. Katika mapigano yale Sajini Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, alirukia kifaru cha adui, akafa kishujaa, na baadaye akapewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa Mwingereza. Hatumnyang'anyi marehemu haki yake. Lakini kumbuka kwamba kikosi kile, KAR ya sita, kilikuwa kikosi cha Tanganyika, na walioijaza safu yake walikuwa vijana weusi. Wao walirudi kambini, wakapiga saluti chini ya jina lile.

Ndani ya KAR maafisa wote walikuwa wazungu. Mwafrika angeweza kutumikia miaka ishirini, akapigana Ethiopia, akapigana Burma, na mwisho wa ngazi yake ukawa usajini au usajini meja. Katika miaka ya 1950 wakakiongeza cheo cha efendi. Efendi alikuwa juu ya sajini, lakini chini ya Luteni kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini juzi. Kwa hiyo alikuwa ameongezewa kipandio kimoja tu kwenye ngazi ambayo juu yake palipigwa dari.

Tofauti na kisa changu mnaiona. Mimi nilirukwa mara moja, tena na mtu mmoja. Wao walirukwa kwa utaratibu.

Uhuru ukaja, nyota hazikuja

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ikapanda. Usiku wa kuamkia siku ile, afisa kijana Alexander Nyirenda, aliyesomea kazi yake Sandhurst, Uingereza, alikuwa kileleni Kilimanjaro na bendera na mwenge. Jeshi nalo likabadilishwa jina, likawa Tanganyika Rifles: batalioni ya kwanza Colito, ya pili Tabora. Askari akatazama juu, akaona mtu mweusi mwenye nyota mabegani. Kumbe inawezekana!

Lakini baada ya miaka miwili ya uhuru, mkuu wa jeshi bado alikuwa Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maafisa wengi wenye madaraka walikuwa Waingereza vilevile. Upande wa serikali mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Makarani wa jana walikuwa mabwana shauri wa leo. Askari aliyekwenda likizo kijijini alimkuta aliyesoma naye ana gari la serikali na dereva, yeye bado analipwa shilingi 105 kwa mwezi na kuamrishwa na sauti ileile.

Tena kulikuwa na jambo linalouma zaidi, na hili mtu yeyote aliyekaa ofisini muda mrefu atalielewa. Hata hizo nyota zilipoanza kutolewa, zilikwenda kwa vijana waliosoma sekondari na kupelekwa kozi ng'ambo. Sajini mzee, mwenye majeraha ya vita na Kiingereza cha gwaride tu, aliona anarukwa mara mbili. Jana alirukwa na mzungu, na kesho atarukwa na mtoto wa juzi juzi.

Halafu ikaja Januari 1964. Tarehe 7 Rais Julius Nyerere alitoa waraka kwamba upendeleo wa rangi katika kazi za serikali sasa basi. Raia wote wa Tanganyika, weusi, weupe na Wahindi, watazamwe sawa katika kuajiriwa na kupandishwa. Ukiusoma leo ni waraka wa kiungwana kabisa. Lakini jiweke kwenye viatu vya yule sajini. Foleni amepanga miaka kumi na tano, anakaribia dirishani, anasikia tangazo kwamba utaratibu umebadilika. Waraka wenyewe ulihusu raia, wala haukusema kwamba Waingereza wa jeshini watabaki milele. Kambini, hata hivyo, habari hufika ikiwa imepita midomo mingi.

Siku tano baadaye, tarehe 12, Zanzibar ikapinduka. Serikali ikapeleka polisi kule kusaidia kutuliza mambo, na mji wa Dar es Salaam ukabaki na ulinzi mdogo.

Usiku wa Januari 20

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari, king'ora kikalia Colito. Askari wakavunja ghala ya silaha, wakawakamata maafisa wao wa Kiingereza, wakawafungia. Kisha wakaifuata barabara hii hii ya kwetu hadi mjini. Wakazishika sehemu muhimu za jiji na kuikaribia Ikulu. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, wakatoroshwa na kufichwa.

Aliyekwenda kuzungumza nao ni Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Alisimama katikati ya watu wenye bunduki zilizokokiwa akauliza wanataka nini. Walichotaka kilikuwa kifupi: Waingereza waondoke, Waafrika wapewe uongozi, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260. Hawakusema wanataka kutawala nchi. Wakamtaja afisa kijana Mwafrika, Elisha Kavana, kuwa mkuu wao. Maafisa wa Kiingereza wakapandishwa ndege kwenda Nairobi siku ileile.

Hebu tusimame hapo kidogo. Saa chache tu, na ngazi yote imeachwa wazi. Kama hadithi ingeishia asubuhi ile, leo ningekuambia: mwenzangu, kavunje ghala.

Haikuishia. Mjini, watu waliposikia milio ya risasi na kuona polisi hawapo, wakaanza kupora maduka, hasa ya Wahindi na Waarabu. Watu wakauawa. Hawakuwa Waingereza wa Colito, wala hawakuwa na lolote na nyota za mtu yeyote. Walikuwa wenye maduka na wapita njia. Kesho yake Tabora nao wakaasi. Tarehe 23 moto ukafika Jinja, Uganda, na tarehe 24 ukafika Lanet, Kenya. Malalamiko yalikuwa yaleyale, maana jeshi lilikuwa lilelile na ngazi ileile.

Nyerere alirudi hadharani, akazungumza redioni, akatembea mjini kuona uharibifu. Hakuficha kwamba taifa lilikuwa limeaibika. Kisha akalazimika kufanya jambo ambalo kwa mtu wa aina yake lazima lilikuwa chungu kama shubiri: kuwaomba Waingereza, waliofungishwa virago wiki ileile, warudi na askari wao. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25 Januari, makomando wa kikosi cha 45 walipaa kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakashuka Colito. Mapigano hayakuchukua muda. Askari wachache waliuawa, wengine walikimbilia porini, waliobaki wakaweka silaha chini.

Nani alilipa?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na daftari langu.

Yale waliyoyataka askari wa Colito karibu yote yalitimia. Uongozi wa jeshi ukashikwa na Mwafrika: Mirisho Sarakikya, afisa kijana aliyesomea Sandhurst na ambaye wakati wa maasi alikuwa Tabora, akawa mkuu wa jeshi mwaka uleule. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Kambi ikabadilishwa jina, ikaitwa Lugalo, pale Uheheni ambapo watu wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891.

Ila walioyataka hawakuwepo kuyaona. Batalioni ya kwanza ilivunjwa, askari wakarudishwa makwao. Sajini Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kiongozi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na wenzake kadhaa wakafungwa pia. Jeshi jipya likaandikisha vijana wapya, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa maneno mengine, sajini mzee alirukwa mara ya tatu, safari hii kwa sababu yake mwenyewe.

Wengine nao wakalipia. Serikali iliwashuku viongozi wa vyama vya wafanyakazi kwamba walitaka kushirikiana na waasi, na wengi wakakamatwa. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na Februari 1964 ikaundwa NUTA, chama kimoja tu cha wafanyakazi, chini ya mkono wa serikali. Mpagazi wa bandarini na mkata mkonge wa Korogwe, ambao hawakushika bunduki ya mtu, wakapoteza chama chao huru kwa muda wa kizazi kizima. Nikisikia mtu ofisini anasema "mimi nitalipua tu, liwalo na liwe," siku hizi nauliza: litakuwa kwa nani?

Na wale waliopewa walichotaka? Uganda, serikali ya Milton Obote ilikubali upesi: mishahara ikapandishwa, Waafrika wakapewa vyeo. Mmoja wa waliopanda ni efendi wa zamani wa KAR aliyeitwa Idi Amin. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu makomando watue Colito, Amin alimpindua Obote. Sisemi kwamba mishahara ya 1964 ndiyo iliyozaa mapinduzi ya 1971. Katikati yake kulikuwa na mengi. Lakini jeshi lililojifunza kwamba ukikoki bunduki unasikilizwa, halikusahau somo.

Sasa usinielewe vibaya. Kuna wazee wanaosimulia habari za maasi kama vile wale askari walikuwa wahuni tu. Mimi siwezi. Madai yao yalikuwa ya haki, kila moja. Na wasimamizi wao, weusi kwa weupe, walikuwa na miaka miwili ya kusikiliza wakafanya polepole. Mtu akitendewa isivyo haki, hasira yake ni haki yake. Kilichowaangusha ni njia waliyoishika baada ya kukasirika.

Makarani walifanyaje?

Nikauliza swali jingine: je, hapa kwetu walikuwepo waliorukwa wakashika njia nyingine? Walikuwepo, tena wengi, na walikuwa watu wa kalamu kama mimi na wewe.

Karani Mwafrika wa serikali ya kikoloni alikuwa na dari yake pia. Hata mwaka 1948, tume ya mishahara iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye sifa sawasawa na Mzungu, kazi sawasawa, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilikuja kuondolewa katikati ya miaka ya 1950. Tatu kwa tano! Ukipika wali wa watu watano, wawili wanakula harufu.

Makarani hawakuanza kulalamika mwaka huo. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Walikutana, walisoma magazeti, walicheza mpira, waliandika barua za heshima kwa wakubwa. Mwaka 1929 makarani na watu wengine wa Dar es Salaam, akiwemo Cecil Matola aliyekuwa rais na Kleist Sykes aliyekuwa katibu, wakaunda African Association. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha gazeti la Kwetu, na malalamiko yakapata mahali pa kuchapwa. Chama kile kikakua kikawa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikazaa TANU. Serikali iliona hatari mapema: mwaka 1953 iliwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, alipobanwa achague kazi au chama, mwaka 1955 aliacha kazi.

Angalieni, huyo naye aliacha kazi. Lakini aliiacha kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda na watu wa kwenda nao. Barua yangu ya matusi ilikuwa inanipeleka wapi? Kijiweni.

Njia ya makarani ilichukua miaka thelathini na ushee. Kayamba alikufa kabla ya kuona mwisho wake. Kwa hiyo ule msemo wa mvumilivu hula mbivu nausema kwa adabu: mara nyingine anayezila ni mwanawe. Lakini walichokijenga kilibaki, na hakuna aliyefungwa miaka 15 kwa ajili ya barua ya heshima.

Karani mmoja wa forodha

Kwa vile tunaandika katika jarida la waandishi chipukizi, siwezi kufunga bila kumtaja karani mmoja zaidi. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa idara moja hadi nyingine, akatumikia zaidi ya miaka thelathini, na siku zote aliitwa karani. Mchana aliandika ya serikali, usiku akaandika yake. Jina lake Shaaban Robert.

Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika. Wengi tulikisoma shuleni ili tujibu mtihani, kisha tukakirudisha maktaba. Kisome tena ukiwa umerukwa cheo. Utakuta nchi inayowatuma wajumbe pande zote kutafuta mambo mema, wanarudi na hazina ya maarifa, na ujira wao ni kifungo. Mwandishi alijua vizuri maana ya kuitumikia ofisi isiyokuona. Hakuchoma ofisi. Aliihamishia mawinguni, akaifungulia mashtaka huko. Wakubwa wake wa forodha leo hakuna anayewakumbuka hata kwa jina moja.

Sisemi kila aliyerukwa aandike kitabu. Shaaban Robert mwenyewe hakuwa tajiri, na sifa hailipi ada ya mtoto. Nasema tu kwamba alikataa cheo alichopewa na ofisi kiwe kipimo chake cha mwisho.

Barua yangu

Basi mimi nilifanyaje? Barua ya matusi niliiandika. Kweli kabisa, niliiandika yote usiku ule, kurasa mbili, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Ilinisaidia kulala. Baada ya wiki moja nikaandika nyingine fupi, nikiomba nielezwe kwa maandishi vigezo vilivyotumika na mimi nilipungukiwa wapi. Hiyo ndiyo niliyoipeleka.

Nilisoma pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa mambo kama rangi, kabila, dini, jinsia au siasa yake, na kwamba migogoro ya kazi ina mahali pa kupelekwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Si kila aliyerukwa amebaguliwa, na yawezekana mimi sikubaguliwa. Labda kijana ananizidi kweli. Lakini kujua kwamba mlango upo kunamfanya mtu asitamani kuvunja dirisha. Askari wa Colito walikosa hata mtu wa kuwaonyesha mlango.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mistari minne. Mitatu ilikuwa maneno matupu. Wa nne ulisema sina cheti fulani, na hilo ni kweli. Sasa nasoma jioni, naingia Wazo saa nne usiku. Yule kijana ni bosi wangu, na siku nyingine bado ananiuliza fomu zinajazwaje. Namwonyesha. Siku nyingine namwonyesha kwa moyo mmoja, siku nyingine kwa kujikaza, sitawadanganya.

Asubuhi daladala ikipita Lugalo huwa naukuta mlinzi mmoja kijana amesimama langoni, wima kama mnazi. Simjui jina wala cheo. Huwa namtazama mabegani, halafu najiuliza kama amewahi kuambiwa nani walisimama hapo kabla yake, na walikuwa wanasubiri nini.